Ukihamia Nyumba Mpya Usiulize "Bando la Nani Rahisi?" Anza na Daftari la Wateja Wako

Leo naongea na wewe unayehamia. Labda umemaliza kajumba kako kule Kizwite, mbele umeweka fremu, nyuma unalala. Labda umepata chumba na fremu Izia au Chanji baada ya kodi ya katikati ya mji kukushinda. Bati limeshapigwa, umeme umeshaomba, na sasa kila mtu anakushauri habari ya mtandao. Mmoja anasema vuta faiba. Mwingine anasema nunua rauta ya laini. Wa tatu anasema fulani wana bando la usiku bei ya kutupa.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonipinga: kwa duka la kawaida hapa Sumbawanga, mtandao hauchaguliwi kwa bei ya bando. Unaangalia mambo matatu kwanza, tena kwa mpangilio huu. Moja, wateja na wasambazaji wako wanatumia mtandao gani. Mbili, mnara unashika vipi ndani ya fremu yako, siyo barabarani. Tatu, wakala mwenye floti yuko umbali gani. Bando linakuja namba nne. Ukigeuza huo mpangilio utaokoa mia mbili kwenye vocha na kupoteza zaidi ya hapo kaunta.

Tupige hesabu ili tusidanganyane. Tuseme bando lako ni 1,000 kwa siku. Kwa mwaka ni 365,000. Ukapata mtandao mwingine wenye bando lile lile kwa 800. Umeokoa 200 kwa siku, yaani 73,000 kwa mwaka. Siyo hela ndogo, siibezi. Sasa geuza upande wa pili. Kila siku mteja mmoja tu anataka kulipa kwa simu, menyu haifunguki, anasema "ngoja nitarudi" na anaishia duka la jirani. Kama kwake ungepata faida ya 500 tu, kwa mwaka umepoteza 182,500. Na hapo sijahesabu kwamba kesho hatarudi, maana ameshazoea kwa jirani.

Anza na daftari

Chukua simu yako jioni moja ukishafunga duka. Toa wateja wako 50 wanaonunua mara kwa mara, ongeza wasambazaji wako wote, wa sabuni, wa unga, wa vinywaji, wa migebuka, kila mtu. Angalia tarakimu tatu za mwanzo. 074, 075 na 076 ni Vodacom. 065, 067 na 071 ni Yas, wale tuliozoea kuwaita Tigo mpaka walipobadili jina mwaka 2024. 068, 069 na 078 ni Airtel. 061 na 062 ni Halotel. 073 ni TTCL. Andika vistari kwenye karatasi kama unavyohesabu magunia. Nusu saa umemaliza, na hujalipa hata shilingi.

Angalizo moja: tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo siku hizi zinaweza kukudanganya kwa baadhi ya watu. Kwa wateja wakubwa, muulize mwenyewe tu. "Mama, pesa yako unaiweka wapi?" Siyo aibu.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu Sumbawanga mjini tunakula hela ya vijijini. Mtu anatoka Laela, Mpui, Matai, Namanyere, au anapanda kutoka bondeni Muze na Mtowisa. Mtu huyo hakuchagua mtandao wake kwa tangazo la redio. Mtandao wa kijiji mara nyingi unachaguliwa na mnara wa kijiji. Kampuni iliyosimamisha mnara ndiyo yenye laini za watu wote pale, na ndiyo yenye pesa zao.

Na hii ramani inabadilika. Tarehe 13 Mei 2023 kule Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, mbele ya Rais Samia. Tigo walichukua minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Maana yake kata ambayo jana ilikuwa ya mtandao mmoja, kesho inaweza kuwa na mwingine. Kwa hiyo usiniambie "mimi najua watu wa kwetu wote wako mtandao fulani." Ulijua lini? Hesabu upya kila unapohama, na hata kama huhami, hesabu mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa mahindi kuanza na hela kuingia mjini.

Kuna atakayesema, "Siku hizi si unatuma mtandao wowote?" Kweli. Tangu M-Pesa ijiunge na wenzake mwaka 2016 pesa inatembea kati ya mitandao, na Benki Kuu imeweka mfumo wa TIPS ili ipite kirahisi zaidi. Lakini fungua jedwali la makato la mtandao wako usome mwenyewe, kutuma ndani ya mtandao na kutuma nje yake mara nyingi siyo bei moja. Na mteja wa kijijini analijua hilo kuliko wewe. Akiona makato yamezidi, anakwambia "nitalipa kesho." Hapo deni limeshazaliwa.

Pima ndani, pima jioni, pima umeme ukikatika

Ufipa tuko juu, Sumbawanga yenyewe iko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na watu wanadhani ukiwa juu mnara unashika kila mahali. Siyo hivyo. Kuna mitaa imekaa kwenye bonde, kuna nyumba zimekingwa na kilima, na kuna fremu ziko nyuma ya jengo la zege ambapo ukitoka nje vipande vinne, ukiingia ndani kimoja.

Usiamini vile vipande vya juu ya skrini. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, kisha Hali ya Laini. Utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyosogea kwenye sifuri ndivyo bora. Kwa 4G, ukiona -90 au pungufu ya hapo kama -80, uko vizuri. Ukiona -110 kwenda -120, hapo utateseka. Simama pale kaunta itakapokuwa, siyo mlangoni. Kisha simama pale kitanda kitakapokuwa, maana oda nyingi za kesho zinaingia usiku.

Fanya hivyo kwa laini zote, azima za marafiki. Na ufanye kwa nyakati tatu tofauti. Saa nne asubuhi kila mtandao unajisifu. Rudi saa moja jioni, watu wote wamerudi nyumbani wanaangalia video, uone nani bado anapumua. Ya tatu ndiyo muhimu zaidi kwa sisi watu wa Rukwa: pima siku umeme umekatika. Mkoa wetu kwa miaka mingi umekula umeme wa kutoka Zambia, na mgao siyo mgeni kwetu. Mnara nao unakula umeme. Kuna minara yenye betri nzuri na jenereta, na kuna minara ambayo umeme ukikatika asubuhi, mchana nayo inalala. Hilo hakuna tangazo litakalokwambia. Muulize mwenye duka jirani: "Umeme ukikatika huku, mtandao gani unabaki?" Atakujibu haraka sana, maana limeshamuuma.

Halafu tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Menyu ya kulipia, yaani *150*00# ya M-Pesa, *150*01# ya Mixx by Yas, *150*60# ya Airtel Money, *150*88# ya HaloPesa, *150*71# ya T-Pesa, haihitaji bando wala 4G. Hata kisimu cha kitochi kinafungua. Kwa hiyo mtandao wenye intaneti ya kasi siyo lazima uwe mtandao mzuri wa kupokea malipo. Pima menyu kivyake na intaneti kivyake. Fungua menyu mara kumi mfululizo, angalia salio, hesabu ngapi zimegoma. Zikigoma tatu kati ya kumi, usiifanye hiyo kuwa laini yako ya lipa namba.

Floti ya jirani

Hili watu wengi hawaliwazi kabisa. Pesa iliyoko kwenye simu haijawa mtaji mpaka uweze kuitoa asubuhi ukanunue mzigo, au umlipe msambazaji moja kwa moja. Ukihamia mtaa mpya wa pembeni ya mji, tembea kwa miguu uhesabu mawakala. Uliza swali moja: "Kaka, naweza kutoa laki tatu sasa hivi?" Utashangaa. Wakala ana mabango ya mitandao minne, lakini floti na keshi anayo ya mmoja tu. Huo mmoja ndio mtandao wa mtaa huo kwa kweli.

Namba yako ni mtaji, usiitupe

Kuna jirani yangu muuza vipodozi alihamia mtaa mwingine. Kule mtandao wake ulikuwa unashika vibaya, akanunua laini mpya ya kampuni nyingine, ile ya zamani akaitupa kwenye droo. Wateja wake wa Laela waliokuwa wanaagiza kwa simu na kutumiwa mzigo kwenye basi wakapiga, haipatikani. Hawakumtafuta. Walitafuta muuza vipodozi mwingine. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na baadaye namba hiyo hupewa mtu mwingine kabisa. Fikiria mteja wako anatuma hela kwa namba aliyoizoea, halafu inaingia kwa mtu asiyemjua.

Kama mtandao wa zamani haushiki kwenye nyumba mpya, una njia mbili. Ya kwanza ni kuhama na namba. Unaenda kwa wakala au duka la mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, na unatuma neno HAMA kwenda 15080. Lakini sikiliza vizuri: unahamisha namba, huhamishi pochi. Kabla ya kuhama toa salio lote, lipa deni lolote la kwenye simu, na ujue lipa namba ya mtandao wa zamani haikufuati. Utaanza nyingine, utabandika bango jipya.

Na kuna kitu kingine kinabaki nyuma: historia. Songesha, Nivushe, Timiza, hizi huduma zinaangalia jinsi unavyotumia laini yako ili kukupa kiwango. Kama umejenga miaka mitatu mtandao mmoja na leo unakopesheka hela ya kujazia mzigo, ukihama unaanza kama mtoto mchanga. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya nyumba ya kuweka benki, hiyo historia ndiyo dhamana yake.

Njia ya pili, ambayo ndiyo mimi naipendekeza kwa wengi, ni kubaki na namba ya zamani kwenye simu ndogo ya vitufe, iwe kwa ajili ya kupokea tu, na kuongeza laini ya pili ya mtandao unaoshika vizuri pale. Simu ya vitufe inakaa na chaji siku kadhaa na mara nyingi inakamata mawimbi pale ambapo simu janja inahangaika.

Ukisajili laini mpya, sajili dukani, siyo kwa kijana wa mwavuli usiyemjua anayekwambia "weka kidole tena, haijasoma." Ukimaliza piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, kaiondoe siku hiyo hiyo, maana ikitapeli watu jina ni lako.

Laini mbili, lakini siyo mnara mmoja

Wengi tunajua kuwa na laini mbili. Wengi hatujui kwamba minara mingi nchini siyo mali ya kampuni za simu. Kuna kampuni za minara, kwa mfano Helios Towers, ambazo zinapangisha. Kwenye nguzo moja unaweza kukuta mitandao miwili au mitatu imepanga kama wapangaji wa nyumba moja. Nguzo hiyo ikikosa umeme, wote wanalala pamoja. Kwa hiyo unaweza kuwa na laini mbili ukadhani una akiba, kumbe zote ziko nguzo moja.

Utajuaje? Siku mtandao ukikata, andika. Kata ya saa ngapi, nani alizima, nani alibaki. Baada ya mwezi utaona wanaozima pamoja. Chagua wawili wasiozima pamoja.

Hata hivyo laini mbili hazikuokoi na kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizoko chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku kama hiyo mnara wako hauna kosa lolote. Kinachokuokoa ni chenji ya kutosha kwenye droo, daftari la karatasi lenye namba za watu, na kujua menyu kwa kichwa bila kutegemea programu ya simu.

Na faiba je?

Sikatai faiba. Mkongo wa Taifa umefika mkoani kwetu na TTCL wanaunganisha nyumba na ofisi. Ninachokataa ni kuikimbilia kabla hujajua inakuingizia nini. Kama unauza stationari, vijana wanakuja kuomba mkopo wa Bodi, kujaza Ajira Portal, kuprinti na kutuma barua pepe siku nzima, intaneti ndiyo mzigo wako. Vuta waya, utaurudisha. Kama una saluni wateja wanakaa saa tatu, au nyumbani una watoto wanaosoma na watu watano wenye simu janja, piga hesabu ya bando za wote ulinganishe na bili ya mwezi. Lakini kama unauza unga, mafuta na sabuni, mtandao unautumia kupokea oda WhatsApp na kupokea malipo. Hapo bili ya kila mwezi inakula mtaji uliotakiwa kuwa katoni kwenye shelfu.

Ukiamua kuvuta waya au kuchukua rauta ya laini, iwe ya kampuni yoyote, uliza haya kabla ya kutoa hata mia. Waya umefika mtaa wangu, siyo mji wangu? Kuvuta ni shilingi ngapi na nguzo nani analipia? Kifaa ni changu au cha kwenu? Kikiharibika nani anakuja, anatoka wapi, ndani ya siku ngapi? Nikihama tena naweza kuhama nacho? "Bila kikomo" mnamaanisha nini, nikishatumia kiasi gani spidi inashuka? Waandike majibu kwenye karatasi au kwenye meseji. Jibu la mdomo halina risiti.

Na wale mnaoambiwa mvushe vifaa vya Starlink kutoka Zambia kupitia Kasesya kwa kuwa wenzetu wanayo tangu 2023: acheni. Huduma ya mawasiliano inatakiwa iwe na leseni ya TCRA. Kifaa kisicho na kibali kinaweza kukamatwa, na hela yako imekwenda hivyo hivyo.

La mwisho kwenye vifaa. Watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga wanatutania kuhusu radi. Wacha watanie, lakini radi ya mvua za Novemba mpaka Aprili haichagui rauta ya nani. Wingu likijifunga, chomoa kwenye umeme, na kama ni ya waya wa shaba chomoa na huo waya.

Fanya hivi kabla ya kulipa kodi

Mwenye nyumba akikwambia njoo uone fremu, usiende na tepu ya kupimia tu. Nenda na laini nne mfukoni. Pima ndani, rudi jioni, muulize jirani habari ya umeme ukikatika, muulize wakala habari ya keshi. Wenye nyumba wanajua kusifia bati, choo na uzio. Ukimwambia "kaka, humu ndani menyu haifunguki," una sababu ya haki ya kuomba kodi ipungue, au sababu ya kuondoka kabla hujatoa hela ya miezi sita.

Mtandao rahisi kwako ni ule ambao mteja akisema "nalipa kwa simu," unajibu "karibu" bila kutoka nje kutafuta mawimbi. Huo ndio wa kuuchagua. Bando utalitafuta baadaye.